Kahawa ya Peru na Mbaazi za Busi

Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi

  

Ratiba inasema mwenyekiti asome historia ya kikundi. Historia hiyo katibu wetu ameiandika vizuri, iko kwenye kurasa za mwanzo za kitabu hiki pamoja na picha, kwa hiyo hatutairudia. Tutasema tu kwamba mwaka 2015 tulianza wanawake 17, hisa moja shilingi 1,000, sanduku la bati lenye kufuli tatu na wenye funguo watatu wasiokaa nyumba za karibu. Leo tuko 43. Kufuli zimebadilishwa mara mbili, sanduku ni lile lile.

Sasa kwa ruhusa yenu tunataka kuzungumza habari ya kahawa.

Tunajua mtashangaa. Sisi Busi hatulimi kahawa. Sisi ni watu wa mtama, uwele, mahindi, alizeti, ufuta na mbaazi. Kahawa tunaijua kwenye kikombe kidogo, ile chungu ya birika, na kashata pembeni, na wanywaji wakubwa ni baba zetu pale kijiweni, ambao hupanga mambo ya nchi nzima na kuyamaliza kabla jua halijawa kali. Lakini kuna jambo la kahawa ambalo limetukalia kichwani mwaka mzima, na ndilo linalohusu ule uamuzi tutakaoufanya kwenye mkutano wetu wa mwezi ujao. Kwa hiyo tuvumilieni.

Mwaka jana binti wa mwenzetu mmoja, anayesoma Uholanzi, alikuja likizo akatuletea zawadi ya kikundi: pakiti mbili za kahawa. Tulicheka sana. Tanzania hii yenye Kilimanjaro na Kagera na Mbinga na Mbozi, mtu anatoka Ulaya analeta kahawa! Mama mmoja akasema huyu mtoto ni kama mtu atoke Dar es Salaam atuletee vumbi Dodoma. Tukaichemsha hivyo hivyo, tukanywa, ilikuwa nzuri. Halafu tukamwambia haya, tusomee maandishi. Akasoma: imetoka Peru, Amerika ya Kusini. Imelimwa kwa kilimo hai. Imeuzwa kwa biashara ya haki. Imelimwa na wanawake.

Hapo kicheko kikaisha. Mwenzetu mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi kikaoni, akauliza: kwa nini waandike kwamba hii imeuzwa kwa haki? Ina maana zile nyingine zote zimeuzwa kwa dhuluma?

Hatukuwa na jibu siku ile. Tulikuja kulitafuta. Tuliwauliza watu wa kilimo hai pale viwanja vya Nanenane Nzuguni, mwalimu wetu mstaafu akatutafutia mengine, na binti mwenyewe akawa anatutumia maelezo kwa simu. Tutawaambia tulivyoelewa.

Tangu mwaka 1962 nchi zinazolima kahawa na nchi zinazoinunua zilikuwa na mkataba wa dunia. Kila nchi inayolima ilipewa fungu lake la kuuza nje, ili kahawa isimwagike sokoni kwa wakati mmoja bei ikaanguka. Haukuwa mkataba wa peponi, lakini uliishikilia bei. Julai 1989 mafungu hayo yakavunjika, wakubwa hawakuelewana. Kila mwenye kahawa akauza alivyoweza, na katika muda mfupi bei ikashuka karibu nusu. Ikapanda tena, ikashuka tena, na mwishoni mwa mwaka 2001 soko la New York lilikuwa chini ya senti 50 za dola kwa ratili moja. Ratili ni karibu nusu kilo, gramu 453. Huko Kilimanjaro wako waliotelekeza mibuni na wako walioing'oa wakapanda nyanya na mahindi. Mti aliouacha babu mtu anaung'oa, maana haulipi hata nauli ya kuupelekea mbolea.

Ndugu zetu, tulipofika hapo katika maelezo, kila mmoja wetu alikuwa anawaza jambo moja, na halikuwa kahawa. Tulikuwa tunawaza mwaka 2017.

Nani hapa hakumbuki? Mbaazi zilikuwa zimepata bei nzuri miaka miwili nyuma, sote tukapanda, hata kwenye miraba na kando ya nyumba. Kikundi kilikuwa na umri wa miaka miwili. Tulikopeshana kwa ajili ya mbegu na palizi, sanduku likabaki jepesi, na hatukuwa na wasiwasi kwa sababu tulikuwa tunaziona mbaazi shambani zimeinama kwa kuzaa. Sasa mnunuzi mkubwa wa mbaazi za nchi hii ni India. Na India mwaka ule wakulima wao nao walikuwa wamevuna sana, bei ya kwao ikaanguka, kwa hiyo Agosti 2017 serikali yao ikaweka kikomo cha mbaazi za kutoka nje, tani 200,000 kwa mwaka na basi. Wao walikuwa wanamlinda mkulima wao, hatuwalaumu. Lakini sisi Agosti tuko kwenye kupura.

Hapa kwetu walanguzi walisema shilingi 150 kwa kilo. Wengine hawakufika kabisa. Tulikula mbaazi asubuhi, tukala jioni, tukawapa mbuzi.

Na sanduku je? Wenzetu tisa hawakuweza kurejesha mkopo. Katiba yetu ilisema asiyerejesha anachukuliwa dhamana. Sisi tulio uongozini tukaifuata katiba. Tulikwenda nyumbani kwa mwenzetu mmoja, mama mwenye watoto wanne, tukachukua cherehani yake. Ndiyo tuliyoandika kwenye daftari la dhamana, naye alikuwa ameweka sahihi. Alitufungulia mlango mwenyewe, akatusaidia kuibeba hadi barabarani. Hakusema neno. Cherehani ile ilikaa kwa mweka hazina miezi saba imefunikwa kanga, na kila tuliyekwenda kuweka hisa tuliiona. Hatukuiuza. Baadaye tulibadilisha kipengele kile tukairudisha, na sare hizi za leo zimeshonwa kwa cherehani hiyo hiyo. Lakini hatupendi kusherehekea miaka kumi tukaruka jambo hilo. Tulimfanyia mwenzetu sisi wenyewe jambo ambalo soko lilikuwa limeshamfanyia.

Ndiyo maana habari ya kahawa ilituingia.

Turudi. Mwaka 1988, mwaka mmoja kabla mkataba haujavunjika, wakulima wadogo wa milimani huko Oaxaca, nchi ya Meksiko, wenye chama chao kiitwacho UCIRI, walishirikiana na padri mmoja wa Kiholanzi aliyekuwa akiishi nao, Frans van der Hoff, pamoja na mwenzake wa huko Uholanzi, Nico Roozen. Misaada walikuwa wameshaiona, walichokitaka ni bei. Wakaanzisha alama ya kubandika kwenye pakiti, ikaitwa Max Havelaar. Jina hilo ni la kitabu cha Kiholanzi cha mwaka 1860 kinachosema dhuluma waliyofanyiwa wakulima wa Java enzi za ukoloni wa Kiholanzi. Alama nyingine za namna hiyo zikatokea nchi nyingine za Ulaya, na mwaka 1997 zikaungana chini ya chombo kimoja. Huko kwa wenzetu wa Peru, Bolivia na Kolombia wakulima wengi wadogo wakaingia kupitia vyama vyao. Na hapa nyumbani Tanzania waliingia KNCU ya Moshi na KCU ya Bukoba, tangu miaka ile ya tisini mwanzoni. Kwa hiyo jambo hili siyo la mbali. Lina zaidi ya miaka thelathini hapa hapa nchini na sisi tulikuwa hatulijui.

Linafanyaje kazi? Kuna bei ya chini kabisa ambayo mnunuzi hawezi kwenda chini yake. Mwaka ule wa 2001, soko liliposhuka chini ya senti 50, bei hiyo ya chini ilikuwa dola 1 na senti 21 kwa ratili ya kahawa ya arabika iliyooshwa, na juu yake senti 5 za ziada kwa chama. Tangu Agosti 2023 imewekwa dola 1 na senti 80. Kama ni ya kilimo hai inaongezwa senti 40. Na fedha ya ziada kwa chama ni senti 20. Mtu akisikia hivyo anaona utajiri. Hebu tulieni kidogo. Hiyo ni bei ya bandarini, siyo ya mkononi mwa mama aliye shambani. Humo ndani kuna kukoboa, kuna magunia, kuna usafiri, kuna gharama za chama cha msingi na za chama kikuu. Kinachomfikia mkulima kinategemea sana chama chake kikoje. Chama kibovu kinaweza kula bei nzuri yote na mkulima asijue ilikuwepo. Wazee wetu hapa wanakumbuka jinsi mtu alivyoweza kukopwa mazao, akapewa karatasi, akazeeka nayo.

Tena siyo kahawa yote ya chama chenye alama inayonunuliwa kwa bei ya alama. Wanaotaka kuilipa wakiwa wachache, inayobaki inauzwa bei ya kawaida. Haya tunayasema ili mtu asije akatoka hapa akidhani kuna Mzungu mahali anasubiri mbaazi zetu na mfuko wa fedha.

Kilichotuvutia zaidi ni zile senti za ziada. Hazigawiwi kimya kimya na viongozi. Wanachama wanakaa, wanapiga kura zitumike kwa nini. Kwingine wamejenga darasa, kwingine wamelipia karo, kwingine ghala. KCU ya Kagera walifanya la kiutu uzima: walizitumia fedha za biashara hii kununua hisa za kiwanda cha Tanica pale Bukoba. Tanica wanatengeneza kahawa ya kuyeyuka, ya kikopo. Ukichota kijiko cha kahawa yao umechota kiwanda ambacho wakulima wana sehemu yao. Sisi tulikuwa tunanunua miaka yote hatujui.

Bei ikipanda je? Februari 2025 bei ya New York ilipita dola 4 kwa ratili. Bei kama hiyo ikija, ile ya chini inalala, chama kinalipwa bei ya soko na senti za ziada zinabaki. Lakini hapo ndipo wanachama wanapojaribiwa. Mnunuzi wa pembeni anakuja na fedha taslimu usiku, wewe chama kinakuambia subiri malipo wiki kadhaa. Mtoto ana homa. Unafanyaje? Unauza pembeni, na chama kinabaki na mkataba wa kahawa ambayo hakina. Kuna mbaya zaidi ya hiyo, nayo ni kuuza kabla hata hujavuna. Kagera wanaiita butura: mtu anachukua fedha wakati mibuni ina maua tu, tena kwa bei ya kutupa. Mtwara kwenye korosho wanaiita kangomba. Sisi Busi hatujaipa jina, lakini tunaifanya. Februari na Machi, chakula kimekwisha ndani, anakuja mtu na shilingi elfu ishirini, anasema mama, gunia moja la mbaazi mwezi wa nane ni langu. Nani kati yetu hajawahi?

Sasa tufike kwa wanawake, maana lile neno la mwisho kwenye pakiti ndilo lililotufanya tusilale.

Kaskazini ya Peru, milimani, mwaka 2003, wanawake wa vyama vya kahawa zaidi ya mia nne waliamua kahawa yao itengwe na ya wanaume. Itengwe kabisa: ikusanywe peke yake, iwekwe magunia yake, iuzwe kwa jina lake. Wakaiita Café Femenino, maana yake kahawa ya kike. Walikuwa wanalima, wanachuma, wanaosha, wanaanika, lakini siku ya malipo anayekwenda kwenye chama ni baba, kwa sababu jina kwenye kitabu ni la baba. Katika mpango wao mpya mwanamke analipwa yeye mwenyewe, na kuna nyongeza kidogo juu ya bei. Baadaye wanawake wa Bolivia na Kolombia na nchi nyingine wakafuata. Haikuwa rahisi, miaka kumi hivi baada ya kuanza, kutu ya majani ya kahawa iliipiga Peru vibaya sana, na wenye mashamba ya kilimo hai wakaumia kuliko wengi. Lakini hadi leo kahawa hiyo iko sokoni.

Baba zetu mlioko hapa, msikunje uso. Hatujaja kuwasema. Ila tuliketi siku moja tukahesabu: kati yetu 43, ni wangapi mazao yao yamewahi kuandikwa ghalani kwa jina lao? Walikuwa sita, na wanne kati yao ni wajane. Wengine wote tumelima, tumepalilia, tumepura, tumepepeta, gunia likaenda kwa jina la mtu ambaye siku ya kupura alikuwa na shughuli. Mwenzetu mmoja alikwenda msibani siku tatu, aliporudi alizeti zake hazipo, na hakuthubutu kuuliza sana. Mwingine, mume wake alikuwa wa kwanza kusema, andikeni jina la mama watoto, mimi nikishika hela zinanitoroka. Mzee yule tulimpigia makofi, na leo yupo pale nyuma amevaa kofia, anacheka.

Kuhusu kilimo hai tuseme kwa kifupi, maana hapo tulijidanganya. Tulipoulizwa Nzuguni kama tunatumia mbolea za chumvichumvi na dawa tulijibu kwa fahari, hatutumii, hatuna hela. Yule dada wa kilimo hai akacheka, akasema mama zangu, huo siyo kilimo hai, huo ni upungufu. Kilimo hai ni kurudishia ardhi kwa makusudi na kuandika ulichofanya. Mbegu umetoa wapi, samadi umeweka lini, jirani yako anapuliza dawa umbali gani, gunia limekaa karibu na nini. Tena ukitaka cheti cha kuuza nje unangoja miaka miwili au mitatu ardhi ijisafishe, na mkaguzi analipwa. Kuna njia nafuu kwa soko la hapa Afrika Mashariki. Kanuni zetu za pamoja zilipitishwa mwaka 2007, alama yake inaitwa Kilimohai, na vikundi vidogo vinaweza kukaguana wenyewe kwa wenyewe chini ya utaratibu uliokubaliwa.

Habari ya kurudishia ardhi sisi watu wa Kondoa hatuhitaji kufundishwa sana. Wazee wanakumbuka HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, iliyoanza mwaka 1973, na jinsi mwaka 1979 mifugo ilivyoondolewa kwenye eneo lililomomonyoka kwa sababu makorongo yalikuwa yanakula nchi. Ilikuwa amri nzito na wako ambao hawajaisamehe hadi leo. Lakini tuliona kwa macho nyasi zikirudi. Kwa hiyo mboji na matuta tunavijua. Kinachotushinda ni daftari. Watu 14 kati yetu wameanza kuandika msimu huu. Wawili hawajui kusoma, wanaandikiwa na watoto wao. Cheti bado hatuna, na tusiwaongopee wageni kwamba tunacho.

Sasa tumefika kwenye jambo lenyewe.

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipofika kwenye ufuta na mbaazi, mazao yanatakiwa yapelekwe ghala la AMCOS, yapimwe, yasubiri mnada. Bei ya mnada mara nyingi inakuwa nzuri kuliko ya mlanguzi. Lakini kusubiri ndiko kunakotuua, kama wale wa kahawa. Mwanamke mwenye debe tatu za mbaazi hawezi kusubiri. Tena debe lenyewe la mlanguzi mnalijua, limegongwa kwa nyundo likatanuka tumbo kama mjamzito, na gunia ni lumbesa. Tuliwahi kupima gunia moja la namna hiyo kwenye mizani yetu. Mwenyewe alilipwa kilo 100, mizani ikasema 131.

Kwa hiyo mwaka jana tulifanya jaribio. Tulinunua mizani, ikakaguliwa na Wakala wa Vipimo. Tukapanga chumba kimoja. Mwanachama akileta mbaazi zilizopepetwa zinapimwa mbele ya watu, zinaandikwa kwa jina lake mwenyewe, na sanduku linamkopesha siku hiyo hiyo nusu ya thamani yake, ya mtoto mwenye homa na ya sare ya shule. Zikitimia kiasi, kikundi kinazipeleka ghalani kwa gari moja, kila gunia na jina la mama. Fedha za mnada zikija, mkopo unakatwa na riba yake ndogo, kinachobaki ni chake.

Tuwape matokeo yalivyo. Waliojiunga walikuwa 19. Kwenye mbaazi kila kilo iliwapatia shilingi 240 zaidi ya wale waliouza mlangoni, baada ya kutoa gari na kodi ya chumba. Kwenye alizeti, ambazo tulizishikilia miezi mitatu ili tuuze kwenye mashine za kukamua, hatukupata kitu. Bei ilikaa pale pale, panya wakala, na bati lilivuja magunia manne yakaota uvundo. Hasara ya magunia hayo tuliigawana sote 19, na wawili walinuna, mmoja hadi leo. Kosa la bati ni letu viongozi, tuliambiwa tukasema tutaliziba kesho.

Kinachotuzuia kuwachukua wote 43 ni fedha. Sanduku letu kila Desemba tunalivunja na kugawana, na wakati wa mavuno halina uzito wa kuwakopesha wote. Pendekezo litakalokuja mkutanoni mwezi ujao ni kwamba robo ya fedha isigawiwe. Ibaki ndani, iwe mfuko wa mavuno, mwaka hadi mwaka.

Tunajua maneno yanayosemwa njiani kisimani. Kuna wanaosema viongozi wanataka kula. Kuna wanaosema fedha ya mgao ndiyo inayonunua bati la nyumba na sikukuu za watoto, na hilo ni kweli kabisa, hata sisi nyumba zetu zimeezekwa hivyo. Kuna mama mmoja alituambia usoni: mwaka 2017 mlichukua cherehani kwa sababu ya mbaazi, sasa mnataka tuwaachie robo ya fedha zetu kwa sababu ya mbaazi hizo hizo? India wakifunga tena je? Swali hilo ni zito. Tulilichukua. Jibu letu ni kwamba bei ya chini kama ya wale wa kahawa sisi hatuna, hakuna aliyetupa, na India wakifunga mlango sanduku la Busi haliwezi kuufungua. Tunachoweza ni kutouza Machi kitu cha Agosti, kupima kwa mizani ya haki, na kutomnyang'anya mwenzetu cherehani soko likianguka. Ndiyo maana kwenye pendekezo kuna kipengele kwamba bei ikianguka chini ya gharama, mkopo wa mavuno unasogezwa mwaka mmoja bila riba. Someni ukurasa wa nyuma wa kitabu hiki, kimeandikwa chote.

Mwenye kupinga apinge kwa sauti, asipingie kisimani. Kura itakuwa ya siri, kwa punje: ya mbaazi ni ndiyo, ya hindi ni hapana. Wenye funguo watatu hawatahesabu. Watahesabu wale wawili walionuna kwa ajili ya magunia.

Mheshimiwa Diwani, kwako tuna ombi moja tu, la chumba chenye bati lisilovuja.

Na kwa wageni wote, ile pakiti ya pili ya kahawa ya Peru tuliitunza kwa ajili ya leo. Inachemka pale chini ya mwembe, pamoja na ya Kagera tuliyoagiza Bukoba, mlinganishe wenyewe. Kashata ni za karanga zetu. Mizani nayo iko pale, anayetaka kupima debe lake alilete.